Tarehe ya Mwisho Katika Pasipoti

Katika ukurasa wa picha wa kila pasipoti pana tarehe mbili ambazo watu wengi huzisoma mara moja tu, siku ile wanapokabidhiwa kitabu, kisha hawazitazami tena mpaka safari imekaribia. Ya kwanza ni tarehe ya kutolewa, na ya pili ni tarehe ya kwisha. Leo twapenda kueleza habari ya hiyo ya pili, kwa kuwa wengi hudhani kwamba maana yake ni nyepesi, yaani mpaka siku hiyo mwenye pasipoti aweza kusafiri apendako. Sivyo. Kwa safari nyingi za ng'ambo pasipoti huwa imekwisha kazi yake miezi sita kabla ya tarehe hiyo kufika, ijapokuwa kitabu chenyewe ni kizima na hakuna aliyekifuta.

Tunasema na watu wa Misugusugu kwanza, na wengine nao wasikilize, kwani habari ni ile ile. Misugusugu ni kata ya Mji wa Kibaha katika Mkoa wa Pwani, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro. Atakayekaa kando ya barabara hiyo kwa muda wa saa moja ataona malori yaendayo Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, mengine yakipita na mengine yakisimama, maana hapo pana kituo cha kukagua mizigo iendayo nchi jirani. Basi mtu wa Misugusugu hawezi kusema kwamba mambo ya mipaka ni ya watu wa mjini tu. Wapo madereva na utingo wao, wapo wazee waendao Maka kuhiji, wapo vijana waliopata nafasi ya kusoma China au India, na wapo wagonjwa wanaokwenda India kwa matibabu. Wote hao huulizwa kitabu kimoja.

Tuchukue mfano. Mtu tutakayemtaja hayupo, ila hesabu yake ni ya kweli. Mzee mmoja alipewa pasipoti tarehe 10 Septemba 2018. Pasipoti ya kawaida ya Tanzania hudumu miaka 10, kwa hiyo yake yaisha tarehe 9 Septemba 2028. Mzee huyu amekuwa akiweka fedha za korosho na mihogo kidogo kidogo kwa ajili ya Hija, na ameazimia kwenda mwaka 2028. Hija hufuata kalenda ya mwezi mwandamo, na kila mwaka hutangulia kwa siku zipatazo 11 katika kalenda ya kawaida. Mwaka 2028 yatazamiwa kuangukia mwanzoni mwa Mei. Mzee atazama pasipoti yake, ahesabu kwa vidole kutoka Mei hadi Septemba, aona bado miezi minne, atulia, aenda kulipa. Lakini Serikali ya Saudi Arabia hutaka pasipoti ya mgeni iwe na uhai wa miezi sita. Minne haitoshi. Viza haitatoka kwa kitabu hicho, na kama wakati wa kupata kitabu kingine umekwisha kupita, Hija ya mwaka ule imempita pia. Kijana aweza kungoja mwaka wa pili. Mzee wa miaka 75 ana hesabu nyingine.

Huenda msomaji akauliza: Kwa nini nchi ngeni isiiamini tarehe iliyoandikwa na Serikali yetu? Sababu yake si dharau. Pasipoti, pamoja na kumtambulisha mtu, ni ahadi ya Serikali iliyoitoa kwamba mtu huyu ni wake na kwamba atapokewa akirudi. Siku ahadi hiyo inapokwisha, mwenyeji hubaki na mgeni ambaye hana karatasi ya kumrudishia kwao. Na wageni, kama tujuavyo sote, hawaondoki kila mara siku waliyosema. Aliyekuja kwa majuma mawili huvunjika mguu akalazwa hospitali miezi mitatu. Mwezi wa Machi 2020 nchi nyingi zilifunga viwanja vyao vya ndege kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na wasafiri maelfu kwa maelfu wakakwama mahali walipokuwa, wengine kwa miezi mingi. Hiyo miezi sita basi ni akiba, kama gunia la mtama ambalo mkulima haligusi hata akiona mvua inakuja vizuri.

Tena yafaa kujua kwamba wa kwanza kumkataa msafiri mara nyingi si ofisa wa nchi aendayo, bali ni karani wa shirika la ndege papa hapa Dar es Salaam, katika Kiwanja cha Julius Nyerere. Watu humkasirikia karani huyu wakidhani kwamba anajitia mambo yasiyomhusu. Yanamhusu sana. Kwa kanuni za usafiri wa anga, abiria akikataliwa kuingia kwa ajili ya hati zake, shirika lililomleta hutakiwa kumwondoa, na katika nchi nyingi hutozwa faini juu yake. Kwa hiyo karani hutazama katika mashine yake masharti ya nchi ile, huyalinganisha na tarehe iliyo katika pasipoti, na kama hayakupatana hampi kadi ya kupandia ndege. Kumwambia kwamba utarudi upesi hakufai kitu, wala kumwonyesha tiketi ya kurudi hakufai, maana haulizwi yeye kama anakuamini.

Lakini si nchi zote zihesabuzo namna moja, na hapa ndipo wengi huteleza. India hutaka miezi sita tangu siku ya kufika, na kurasa mbili tupu za kupigia mihuri. Nchi za Ulaya zilizo katika mapatano ya Schengen, kama Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi, hutaka miezi mitatu, lakini miezi hiyo huhesabiwa tangu siku ya kuondoka huko, si siku ya kuingia. Tena hutaka pasipoti yenyewe iwe imetolewa katika miaka 10 iliyopita. Afrika ya Kusini hutosheka na siku 30 baada ya kuondoka. Uingereza hutaka tu pasipoti iwe hai muda wote wa kukaa kwako. Kanuni hizi hubadilika, na mwenye neno la mwisho ni ubalozi wa nchi unayokwenda. Asiulizwe jirani aliyekwenda miaka mitano iliyopita.

Tuone jinsi kuhesabu tangu kufika kunavyotofautiana na kuhesabu tangu kuondoka. Pasipoti iliyotolewa tarehe 15 Machi 2019 yaisha tarehe 14 Machi 2029. Ukirudi nyuma miezi sita wafika tarehe 14 Septemba 2028. Msafiri anataka kufika ugenini tarehe 1 Septemba 2028 na kukaa mwezi mzima, aondoke tarehe 1 Oktoba. Katika nchi ihesabuyo miezi sita tangu siku ya kufika, amepona, maana amewahi kwa siku 13. Katika nchi ihesabuyo miezi sita tangu siku ya kuondoka, amekosa, maana amepita kwa siku 17. Kitabu ni kile kile, safari ni ile ile, na mtu ni yule yule. Ndiyo maana sisi twashauri kuhesabu siku zote tangu siku ya kurudi nyumbani, na kwa miezi sita kamili, hata kama nchi yenyewe haidai mingi hivyo. Atakayehesabu kwa kipimo kikubwa hatapungukiwa katika kipimo kidogo.

Wazee wanaokumbuka mambo ya zamani husema kwamba hapo kale jambo hili lilikuwa jepesi zaidi, na kwa upande mmoja wasema kweli. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza nchi nyingi hazikuwauliza wasafiri pasipoti kabisa. Vita iliyoanza mwaka 1914 ndiyo iliyozifanya Serikali ziogope wageni. Baada ya vita, mwezi wa Oktoba 1920, wajumbe wa mataifa walikutana Paris wakapatana juu ya umbo moja la pasipoti: kitabu cha kurasa 32, kilichoandikwa kwa lugha mbili walau, moja ikiwa Kifaransa. Umbo hilo ndilo mzazi wa kitabu tulicho nacho leo.

Wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza, pasipoti ya Kiingereza ilidumu miaka mitano, na ilipokwisha haikutupwa. Mwenyewe aliipeleka ofisini, karani akaandika kwa wino kwamba imeongezwa miaka mitano mingine, akapiga muhuri, akatia sahihi, na kazi ikaisha. Hata mke na watoto waliweza kuandikwa ndani ya pasipoti ya mume. Neno la Kiswahili tulilolizoea, kurefusha pasipoti, lilifaa sana kwa desturi ile, maana kitabu kilirefushwa kweli. Leo neno limebaki lakini kitendo hakipo. Hakuna anayerefusha. Kinachofanywa ni kutengenezewa kitabu kipya chenye namba mpya, na cha zamani hubatilishwa. Hali kadhalika kila mtu, hata mtoto mchanga, hutakiwa kuwa na kitabu chake mwenyewe.

Sababu ya mageuzi hayo ni mashine. Mwaka 1944 mataifa yalipatana huko Chicago, na katika mapatano hayo likazaliwa Shirika la Usafiri wa Anga la Kimataifa. Shirika hilo lilitoa mwaka 1980 kanuni za pasipoti isomwayo kwa mashine, na baadaye likaweka tarehe 24 Novemba 2015 kuwa mwisho wa pasipoti zisizosomeka hivyo. Mashine haiwezi kusoma mwandiko wa karani, hata uwe mzuri namna gani. Nayo ndiyo iliyouondoa wino.

Wanafunzi watapenda kujua jinsi mashine inavyosoma, na jambo lenyewe si gumu. Chini ya ukurasa wa picha pana mistari miwili ya herufi na tarakimu, kila mmoja una alama 44. Katika mstari wa pili imo tarehe ya kwisha, imeandikwa mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kila kimoja kwa tarakimu mbili. Tarehe 14 Machi 2029 huandikwa 290314. Mbele yake huwekwa tarakimu moja ya kuhakikisha, nayo hupatikana hivi: tarakimu ya kwanza huzidishwa kwa 7, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, kisha huanzwa tena 7, 3, 1. Basi 2 mara 7 ni 14. 9 mara 3 ni 27. 0 mara 1 ni 0. 3 mara 7 ni 21. 1 mara 3 ni 3. Na 4 mara 1 ni 4. Jumla yake ni 69. Gawanya kwa 10, na baki ni 9. Tarakimu ya kuhakikisha ni 9.

Sasa tuseme mtu mjanja akwangua 29 na kuandika 31, ili ajiongezee miaka miwili. Mashine itapiga hesabu ya 310314: 21, na 3, na 0, na 21, na 3, na 4, jumla 52, baki 2. Lakini mbele yake yakuta 9. Mara hukataa. Zaidi ya hayo, pasipoti za siku hizi zina chipu ndogo ndani yake, na habari zilizomo zimefungwa kwa sahihi ya siri ya Serikali iliyoitoa, hata ikiwa mtu ataipatia hesabu ya tarakimu hawezi kuibadili ile sahihi. Mwalimu aweza kuwapa watoto darasani tarehe nyingine wakafanya hesabu hiyo. Ni zoezi zuri la kuzidisha.

Pasipoti yenye chipu ilizinduliwa Tanzania tarehe 31 Januari 2018, Dar es Salaam, na Rais John Magufuli. Watu waliokuwa na pasipoti za zamani walipewa muda wa miaka miwili, hata Januari 2020, wawe wamebadilisha. Nasi twaomba msomaji aitazame miaka hiyo kwa makini, kwani ndani yake mna jambo ambalo halijasemwa vya kutosha. Vitabu vya kwanza, vilivyotolewa mapema mwaka 2018, vyaisha mapema mwaka 2028. Ukiondoa miezi sita, kazi yake ya kwenda mbali yaisha katikati ya mwaka 2027. Tena watu ni watu: waliopewa miaka miwili, wengi hungoja mwezi wa mwisho. Wote waliokwenda ofisini karibu na mwisho wa muda, mwaka 2019 na Januari 2020, vitabu vyao vitaisha pamoja, mwaka 2029 na Januari 2030. Foleni iliyokuwapo wakati ule yaweza kurudi, na safari hii watakaokuwamo ni wale wale, wamezidi miaka 10 tu. Mtu mwenye safari hapo katikati asingoje kuikuta foleni hiyo.

Basi mtu aanze lini? Twasema: mwaka mmoja kabla ya tarehe ya kwisha, ikiwa ana nia yoyote ya kusafiri. Kwa mwenye tarehe 14 Machi 2029, aanze Machi 2028. Miezi sita huliwa na kanuni tuliyoieleza, na miezi mingine sita ni ya kutafuta hati na kuomba viza. Wengi wataona kwamba tunazidisha. Lakini katika kazi hii kutengeneza kitabu si ndiko kunakochukua muda mrefu. Kinachochelewesha ni vyeti vinavyotangulia.

Mwombaji hutakiwa awe na kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa na picha, na hali nyingine ushahidi wa uraia wa mzazi wake. Anayebadilisha hutoa pia pasipoti yake ya zamani. Hujaza fomu kwa njia ya intaneti, hupewa namba ya malipo, kisha hufika mwenyewe ofisini kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Kwa mtu wa Misugusugu ofisi si mbali, maana Kibaha ndiko makao makuu ya Mkoa wa Pwani, na Uhamiaji wa mkoa wako huko huko. Shida huja pale jina linapokuwa halikubaliani. Katika cheti cha kuzaliwa ameandikwa Mohamedi, katika kitambulisho Muhammad, na katika pasipoti ya zamani Mohamed. Nyumbani huyo ni mtu mmoja na anaitika kwa majina yote matatu. Katika mashine hao ni watu watatu. Kusahihisha jina hutaka hati ya kiapo na safari za kwenda na kurudi, na asiye na cheti cha kuzaliwa kabisa hana budi kukitafuta kwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Akina mama na akina baba waliozaliwa vijijini, ambao kuzaliwa kwao hakukuandikwa popote, ndio wenye kazi kubwa zaidi, nao ndio watakaoanza mapema kuliko wote.

Wengine hukawia kwa kuhurumia fedha. Husema: Nikibadilisha mapema nitapoteza miezi niliyokwisha kuilipia. Hilo ni neno la haki, na tulipigie hesabu. Ilipoanza mwaka 2018 pasipoti hii ilikuwa kwa shilingi 150,000 kwa miaka 10, yaani shilingi 15,000 kwa mwaka. Anayeiacha mwaka mzima kabla ya mwisho amepoteza shilingi 15,000. Mkabala wa hizo uweke tiketi ya ndege ya kwenda India na kurudi, au fedha yote ya Hija. Uingereza ilikuwa na desturi ya kumwongezea mtu miezi iliyosalia, mpaka tisa, juu ya ile miaka 10 ya kitabu kipya, ikaacha mwaka 2018. Na wema huo uliwaponza Waingereza wengi, maana nchi za Schengen hazikubali pasipoti iliyopita miaka 10 tangu kutolewa, nao walifika uwanjani na vitabu vya miaka 10 na miezi kadha, tarehe ya kwisha bado iko mbele, wakarudishwa nyumbani. Tumewataja ili ionekane kwamba kosa hili si la watu wa shamba peke yao.

Utaratibu nao una mpango wake. Pasipoti kwanza, viza baadaye. Viza hufungwa kwa namba ya pasipoti, na kitabu kipya kina namba mpya. Anayeomba viza kwa kitabu kinachokaribia kwisha, kisha akakibadilisha kabla ya safari, huwa na viza ya kitabu kisichokuwapo. Nchi nyingine huruhusu viza iliyobandikwa katika kitabu cha zamani itumike pamoja na kitabu kipya. Marekani ni mojawapo, mradi viza yenyewe haijaisha wala haijaharibika, na msafiri achukue vitabu vyote viwili. Kwa hiyo mwenye viza ya namna hiyo amwombe ofisa amrudishie pasipoti ya zamani baada ya kuibatilisha, wala asiitupe.

Madereva wa malori tumewaweka peke yao, kwa kuwa kwao kitabu huweza kufa kwa njia nyingine, nayo ni kujaa. Tumfuate dereva anayetoka bandari ya Dar es Salaam, anayepita Misugusugu, akielekea Lubumbashi. Tunduma agongewa muhuri wa kutoka Tanzania, na Nakonde wa kuingia Zambia. Huko Kasumbalesa agongewa wa kutoka Zambia na wa kuingia Kongo. Hiyo ni mihuri minne, na kwa kurudi minne mingine, jumla minane kwa safari moja. Ikiwa ukurasa mmoja unachukua mihuri minne, kila safari hula kurasa mbili. Ikiwa kitabu kina kurasa 30 za mihuri, safari 15 zitakimaliza, na kwa dereva aendaye mara moja kila mwezi hiyo ni miezi 15 tu, ilhali tarehe iliyo ukurasa wa mbele yaonyesha miaka minane na miezi tisa bado. Tarehe haimsaidii mtu asiye na mahali pa kupiga muhuri. Dereva mwenye busara humwomba ofisa agonge mihuri karibu karibu, ukurasa ujae kwanza kabla ya kufungua mwingine, na kurasa nne zinapobaki huanza kutafuta kitabu kingine.

Ipo pia hati ya safari ya dharura, ambayo Idara ya Uhamiaji hutoa kwa safari za nchi jirani. Ni nafuu kwa bei, lakini uhai wake ni mfupi, na mtu asijaribu kuipeleka Jidda wala Mumbai. Wengine wamesikia kwamba katika Afrika Mashariki watu huvuka kwa kitambulisho tu. Waliopatana hivyo mwaka 2014 ni Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haikuingia katika mapatano yale.

Kwa ndugu walioko Oman na kwingineko katika nchi za Ghuba, hesabu yao ni kali zaidi, kwa sababu kibali cha kukaa huko hutegemea pasipoti iliyo hai. Ubalozi wa Tanzania uko Maskati, na aliye mbali na mji huo huhitaji kuomba ruhusa kazini ili afike mwenyewe kutoa alama za vidole. Afadhali aanze mwaka mmoja na nusu kabla. Kama jamaa yako yuko huko, kumwuliza tarehe ya pasipoti yake katika simu si uchunguzi wa mambo yake.

La mwisho ni pasipoti iliyopotea. Mwenyewe atoe habari polisi mara moja, apewe taarifa ya maandishi, aende nayo Uhamiaji. Namba ya kitabu kile huweza kuingizwa katika orodha ya polisi wa kimataifa, Interpol, iliyoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya hati zilizoibwa na kupotea, na mipaka ya nchi nyingi huitazama orodha hiyo. Ikitokea baadaye kwamba kitabu kimeonekana chini ya godoro, au katika sanduku la bibi pamoja na kanga zake, kisitumike tena hata kama tarehe yake bado ni mbali. Kirudishwe ofisini.